Pasipoti Iliyozikwa Kangundo

Pasipoti yangu ya zamani ya Kenya imezikwa Kangundo pamoja na mama yangu, ndani ya kaburi ambalo kaka yangu amelijengea vigae vya rangi ya maziwa. Kituo cha polisi niliandikisha kwamba imepotea, na wakati huo sikuwa nasema uongo. Nimeyakumbuka haya upya mwezi uliopita, tulipokwenda mochari kumvalisha Mama Kamene, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha kina mama wa kanisa letu tangu mimi nikiwa msichana. Kazi yake sasa imeniangukia mimi. Katika chama chetu kuna desturi. Mwanachama akishazeeka, au akianza kuugua ugonjwa ambao kila mtu anaujua mwisho wake, hupanga mfuko wake mwenyewe. Anatia sare ya chama iliyofuliwa na kupigwa pasi, kitambaa cheupe cha kichwa, soksi nyeupe, na leso ambayo haijawahi kuvaliwa. Mfuko hutundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, na hapo unakaa. Watoto hawaugusi, mume haugusi. Anayeufungua ni mwenyekiti peke yake, siku ya mazishi, pale mochari, mlango ukiwa umefungwa. Nilipofungua zipu ya mfuko wa Mama Kamene, kabla ya kutoa chochote nilipapasa ndani mpaka kwenye pembe, kama polisi anayetafuta bangi. Wenzangu walinitazama. Hamkuwa na kitu ila nguo na harufu ya sabuni. Nikashusha pumzi, tukaanza kazi.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa bado sijafika thelathini, na nilikuwa mtu wa nchi mbili. Jinsi nilivyofika Uingereza na kupata uraia wa kule ni habari ndefu isiyo na utamu, nairuka. Yatosha kusema kwamba sheria ya hapa ilipobadilika na mtu kuruhusiwa kuwa na nchi mbili, nilikwenda ubalozini nikaurudisha Ukenya wangu, nikawa na pasipoti ya bluu ya Kenya na nyingine ya Uingereza, rangi ya damu ya mzee. Watu walidhani nimeokota almasi. Kumbe ni kama kuwa na nyumba mbili na kila mlango una ufunguo wake, nawe ukikosea ufunguo unalala nje. Nairobi nilionyesha ya bluu, nikiingia na nikitoka. Kule nilionyesha nyekundu. Safarini, ndege ikishapita jangwa, nilikuwa na mazoea ya kuzibadilisha: bluu naipeleka mfuko wa ndani wa mkoba, nyekundu naileta mbele. Nikirudi, vivyo hivyo kinyume. Kwa hiyo mama yangu hakuwahi kuiona nyekundu hata mara moja. Sikumficha. Haikutokea tu haja ya kuitoa nikiwa nyumbani.

Aliyoiona ni ya bluu, na aliiona kila nilipoondoka. Siku ya safari chai iliandaliwa sebuleni, kwenye ile meza yenye vitambaa vya kufuma, pamoja na viazi vitamu na bakuli la isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ambayo mama aliyakaangia vitunguu kwa heshima ya safari. Pasipoti niliiweka kando ya thamosi nisije nikaisahau. Kitambulisho changu kilikaa humo humo, kati ya kurasa, maana nilikuwa naogopa kukipoteza. Mama akishamimina chai, alikuwa akiichukua pasipoti na kuifuta kwa pindo la leso, upande huu na upande huu, ingawa haikuwa na vumbi. Aliiita kitabu. "Usisahau kitabu yako," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemkumbusha mgeni achukue mwavuli. Sasa nikimfikiria pale mezani, naona alichokuwa akikiona: kila mara kitabu kile kilipotoka kwenye mkoba, mtoto wake aliondoka. Ukikaa miaka mingi unaona jambo lile lile likifuatwa na lile lile, utaacha kuamini kwamba moja ndilo linaleta lingine?

Mwanzoni mwa mwaka ule alipatikana na uvimbe tumboni. Daktari wa Machakos alituambia waziwazi, mimi na kaka yangu Musyoka, tukiwa tumesimama kwenye kijia nje ya wodi, kwamba tumpeleke nyumbani akale anachotaka. Mama hakuuliza daktari alisema nini. Alisema anataka kuona kama kahawa imeanza kutoa maua. Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha kupakia mboga, ndani ya chumba baridi ambacho tulivalia makoti na glovu, na mojawapo ya mboga hizo ilikuwa mishiri, yale maharagwe machanga yanayolimwa hapa hapa kwetu. Zilifika na karatasi imeandikwa Kenya, zikakatwa ncha, zikapangwa, zikaenda dukani. Hazikusimamishwa popote. Nilikuwa nafanya kazi kwa mkupuo, nakusanya likizo, naomba nyingine isiyo na mshahara, narudi Kangundo kumwogesha mama na kumpikia uji, kisha naondoka tena. Msimamizi wangu alinionya kwamba nikizidisha nitakuta nafasi yangu ina mtu. Nilihitaji ile kazi kwa sababu dawa za maumivu zilitoka humo. Kitu kimoja tu nilimwahidi mama, na nilimwahidi nikimshika mkono: kwamba siku yake ikifika nitakuwa pale. Hakuniomba kingine. "Usiniache nife na majirani," alisema.

Chumba chake kilikuwa na dirisha dogo linalotazama migomba, na ukuta wa mbao kati yake na sebule. Kwenye ukuta ule alitundika kalenda za miaka iliyopita kwa ajili ya picha zake. Juu ya kitanda kulikuwa na msumari, na kwenye msumari mfuko wa nailoni wa kijivu wenye zipu. Aliupanga mwenyewe mara tu aliporudi kutoka hospitali, amekaa kitandani, akikunja sare polepole kama anayemkunjia mtoto nguo za shule. Nilitoka chumbani nikaenda kulia nyuma ya jiko. Nilichukia ule mfuko. Nilipomgeuza ubavu, nilipombadilishia shuka, ulikuwa pale juu unatungoja.

Safari yangu ya katikati ya mwaka, mchana mmoja, nilikuwa sebuleni nachambua ndengu, Mama Kamene akiwa amekuja kumwona mgonjwa. Mbao zile hazikuzuia neno.

"Ataenda tena wiki ijayo," mama alisema.

"Si ni kazi, Mama Musyoka. Watoto siku hizi ni kazi."

"Si kazi. Ni ile kitabu. Mbele ya hiyo kitabu Mwikali hakuwa anaenda mahali. Sasa ikishatoka tu kwa mkoba, hata kama nimelala hivi, ni lazima aende. Ile kitu inamwita."

Mama Kamene alicheka. "Aiee! Kitabu itaita mtu na haina mdomo?"

"Wewe cheka," mama akasema, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akakohoa.

Nami nilicheka, huku sebuleni, na ndengu zangu mapajani. Nilidhani ni maneno ya kupitisha uchungu. Mgonjwa husema mengi.

Siku moja kabla ya kuondoka, nilifungua mkoba nihakikishe kila kitu kipo, nikakuta mfuko wa mbele mtupu. Pasipoti hakuna, kitambulisho hakuna. Nilitoa kila kitu nikakimwaga kitandani. Nyekundu ilikuwa mahali pake pa ndani, imelala salama. Nilimwita Musyoka, tukaanza kuipekua nyumba. Tuliinua magodoro. Tulikung'uta mazulia. Tulimwaga debe la mbegu, tukachungulia kwenye banda la kuku, tukatoa vyombo vyote kabatini mpaka vile vya wageni ambavyo havijawahi kuguswa. Mama tulimtoa nje kwenye kiti chake chenye mito, ameketi juani, blanketi magotini, akitufuatilia kwa macho tukiingia na kutoka. Alikuwa akitupa mawaidha.

"Mmeangalia kwa gunia ya pojo?"

"Tumeangalia, mwaitu," nilimjibu, kwa neno letu la Kikamba la kumwita mama.

"Na kwa koti ya Musyoka? Mtu anaweza weka kitu kwa koti asahau."

Musyoka akageuza mifuko ya koti lake nje, amekasirika, akasema yeye hana shida na pasipoti ya mtu. Nilirudi chumbani kwa mama. Nilipapasa chini ya mto, nyuma ya kalenda, ndani ya viatu. Kisha nikasimama kitandani ili nione juu ya ukuta, na mkono wangu ukashika msumari kujizuia nisianguke. Mfuko ukayumba. Mama aliniona kupitia mlangoni. Sikujua kama bado alikuwa na sauti kubwa namna ile.

"Mwikali! Huo si wa mikono ya watoto!"

Nikauachia kama uliokuwa na moto. Niliona haya. Nilikuwa nimeshika kifo cha mama yangu kwa sababu ya karatasi. Nilishuka nikatoka nje, nikampigia magoti nikamwomba msamaha, naye akanishika kichwa. Ukiniuliza leo kwa nini sikuutilia shaka mfuko ule, sina jibu zaidi ya hili: mtu wa kwetu hawezi. Ungeniambia nipekue kikombe cha komunyo ningekipekua kwanza. Mama alikuwa amepata mahali pamoja tu duniani ambapo binti yake hangeingiza mkono, na alikuwa mwerevu, mama yangu, hata na ugonjwa ule.

Asubuhi yake nilikwenda kituoni nikaandikiwa cheti cha polisi cha kupotelewa. Pasipoti mpya ingechukua majuma. Sikuwa na majuma. Basi saa ya chai ilipofika nilifanya ambalo sikuwa nimewahi kufanya ndani ya nyumba ile: nilitoa nyekundu nikaiweka kando ya thamosi, pale pale pa bluu.

Mama alikuwa amebebwa mpaka sebuleni ili aniage. Isyo zilikuwepo, ingawa yeye hakuwa anakula tena. Aliitazama ile pasipoti kwa muda. Hakuichukua kuifuta.

"Hiyo ni gani?"

"Ni ile ingine, mwaitu. Ya kule."

"Kumbe uko na mbili?"

"Niko na mbili."

"Na unaweza kuenda na hiyo?"

"Ninaweza. Itakuwa na shida kidogo, lakini ninaweza."

Aliangalia mlango wa chumba chake, kisha akaniangalia mimi. Midomo ilifunguka kidogo. Niliinama nikidhani anataka kuniambia kitu. Akasema, "Basi kunywa chai, itapoa." Nikanywa. Alipotaka kurudishwa kitandani aligeukia ukutani, na nilipomuaga hakunigeukia, alinipungia tu vidole. Nilijua amenikasirikia kwa kuondoka. Hivyo ndivyo nilivyojua kwa miaka mingi.

Uwanja wa ndege, yule ofisa wa kibanda alifunua kurasa za nyekundu mbele, akarudi nyuma, akazifunua tena.

"Madam, hii haina stampu ya kuingia. Uliingiaje Kenya?"

"Niliingia na ya Kenya. Imepotea. Hii hapa karatasi ya polisi."

"Kulingana na hii, hujaingia. Na kama hujaingia, mimi nakutoa aje?"

Hakuwa mtu mbaya. Hata alitabasamu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Nilisimamishwa kando, wakaitana, wakaangalia kwenye kompyuta, na mwishowe mkubwa wao akanipigia muhuri akaniambia, "Siku ingine usikuje bila ile yako." Nikamwitikia. Kwenye ndege, tulipopita jangwa, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkoba ili ubadilishe. Hapakuwa na cha kubadilisha.

Musyoka alinipigia simu saa ya mapumziko ya mchana, tukiwa tumekaa kwenye benchi za kiwandani tumevua glovu. Alisema mama haongei vizuri, anataja jina langu na la nyanya, na kwamba kama nakuja nije. Sikurudi chumba baridi. Nilinunua tiketi, nikafunga nguo chache, nikafika uwanja wa ndege jioni ile ile. Hapa ndipo lazima niseme kitu ambacho wasafiri wenzangu watanicheka. Sikuwahi maishani kwenda nyumbani na ile nyekundu. Viza ya Kenya sikuijua, kama vile wewe usivyojua bei ya kuingia kwenye nyumba yako. Nilikuwa nimesikia wageni wakisema hulipia wakifika Nairobi, nikajua nami nitalipa nikifika. Yule msichana wa kaunta aliniuliza viza iko wapi. Nikamwambia mimi ni Mkenya.

"Nionyeshe pasipoti ya Kenya."

"Imepotea."

"Kitambulisho?"

"Kimepotea nayo."

Alisema sheria imebadilika, viza inaombwa kabla, kwenye mtandao, na bila hiyo hawezi kunipandisha. Nikafungua nyekundu kwenye ukurasa wa picha, nikamwekea kidole juu ya neno lenyewe. Mahali pa kuzaliwa: Machakos. "Soma hapa," nikamwambia. "Hapa ndipo naenda. Mama yangu anakufa hapa." Alisoma. Alisema pole, na nadhani ilimtoka moyoni. Akasema hapo panaonyesha nilikozaliwa tu, hapanipi ruhusa. Nyuma yangu kulikuwa na familia imevaa kofia za kwenda kutazama wanyama, viza zao zimekunjwa vizuri mikononi. Walinipisha kwa adabu, kisha nikawapisha mimi. Wakapanda.

Niliomba viza nikiwa nimeketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta, kwa simu. Niliulizwa sababu ya kuzuru. Niliulizwa nitafikia hoteli gani. Mwishoni nikajibiwa kwamba ombi langu linashughulikiwa. Ilikuwa Ijumaa, ubalozi umefungwa mpaka Jumatatu. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani na koti, sikuvua hata viatu, nikifungua simu na kuifunga: linashughulikiwa. Musyoka alinipigia kila alipoweza, akaweka simu karibu na mdomo wa mama ili nisikie anavyopumua. Nilikuwa nikisema, "Mwaitu, niko njiani." Nilimwambia hivyo Jumamosi asubuhi, Jumamosi jioni, na Jumapili alfajiri, nami nimekaa pale pale, nimevaa koti. Jumapili kina mama walikuja moja kwa moja kutoka kanisani wakamwimbia. Nilisikia wimbo kupitia simu, kisha nikasikia wameacha katikati, kisha Musyoka akasema jina langu. Alikufa na majirani. Ruhusa ilifika kesho yake, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba nimekubaliwa kuzuru Kenya.

Nairobi nilipanga foleni ya wageni. Foleni yetu, ile ya Wakenya, ilikuwa fupi na ilikwenda haraka, watu wakitaniana na maofisa. Aliyenihudumia alisoma jina langu, akakiacha Kiingereza.

"Wewe Mwikali ni wa wapi?"

"Kangundo."

"Na unakuja na viza? Ati wewe ni mtalii?"

"Nimekuja kuzika mama."

Uso wake ukabadilika. Alisema pole sana, dada, na akanong'ona maneno mawili matatu ya Kikamba ya kunifariji. Kisha akanipigia muhuri wa mgeni na kuniambia nihakikishe nimetoka nchini kabla ya miezi mitatu kwisha. Angefanya nini? Kazi ni kazi.

Nyumbani walikuwa wamenisubiri ili wazike. Nilipoingia kwenye hema, kijana wa mapokezi ambaye hakunijua aliona sanduku langu lenye karatasi ya ndege, akanipeleka mbele, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa, pamoja na wageni waheshimiwa, nikaletewa maji ya chupa. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Nilikaa pale, na chupa ile mkononi, nikiwatazama watu wangu wamekaa upande wa pili kwenye viti vya plastiki na mabenchi ya kanisa, mpaka Musyoka aliponiona akaja kunitoa. Jeneza lilifunguliwa ili tumuage. Kina mama walikuwa wamemvalisha vizuri. Alikuwa amekuwa mdogo, sare imemzidi, lakini kola ilikuwa imenyooka na kitambaa cha kichwa kimefungwa namna aliyopenda kukifunga. Mikono yake ilikuwa imelazwa kifuani juu ya kitu chenye pembe, chini ya leso. Nilidhani ni kitabu cha nyimbo. Niliwaza tu kwamba wamefanya vyema kumpa kitabu chake cha nyimbo. Niliinama nikamgusa vidole, na nadhani, nikikumbuka vizuri, kidole changu cha mwisho kiligusa ile leso.

Miaka imepita. Nilirudi kabisa, nikalima kahawa ya mama, nikavaa sare ya chama. Nilichukua pasipoti mpya ya bluu. Na nyekundu bado ninayo, inalala kabatini. Mama Kamene hakuniambia kitu muda huo wote, tukiketi benchi moja kila Jumapili. Aliniambia mwaka jana, baada ya mimi kumletea mfuko wake mwenyewe kutoka sokoni, alipoanza kuona siku zake zinaisha. Tulikuwa jikoni kwake. Alinimiminia chai, akanisubiri ninywe kwanza.

Akasema baada ya mimi kuondoka siku ile ya nyekundu, mama alimwita akamwonyesha mahali alipoificha bluu, ndani ya sare, na akamuuliza ni ipi kati ya hizi mbili inampeleka mtoto na ni ipi inamrudisha. Mama Kamene alikuwa na mtoto ng'ambo, alijua. Alimwambia ukweli: ile ya bluu ndiyo ya kurudi. Mama alifumba macho mpaka Mama Kamene akadhani amelala.

"Nikamwambia, tupigie Mwikali simu, tumtumie. Akakataa. Akasema, 'Akijua ni mimi nilificha, atakasirika, hatakuja.' Nikamwambia hawezi. Akasema, 'Wewe humjui, huyo ana hasira ya nyanya yake.' Akaniapisha. Nami nikaapa, Mwikali. Mtu wa kufa akikuapisha utafanya nini?"

Nilikuwa na hasira. Nataka iandikwe hapa kwamba nilikuwa nayo, na bado ninayo, na hata sijui nimuelekezee nani. Mama alinifungia mlango kisha akalala nyuma yake akiningoja. Na huyu mama wa pili alijua ufunguo uko wapi, akanywa chai na mimi miaka yote. Niliinuka niende zangu. Mama Kamene akanishika sketi, kwa sababu mkono haukufika juu zaidi.

"Ngoja nimalize," akasema. "Ile Ijumaa asubuhi, mbele ya Jumapili yake. Aliniambia nitoe kitabu kwa mfuko. Nikampa. Akafungua pale penye picha yako, akaangalia, akaangalia. Akaniuliza, 'Hapa kando imeandikwa nini?' Nikamsomea jina yako. Akasema, 'Na hapa chini?' Nikamwambia hapo ni mahali ulizaliwa, imeandikwa Machakos. Aliskia furaha! Akaniuliza, 'Na ile ingine yake, ile nyekundu, pia imeandikwa?' Nikamwambia hiyo sijui, lakini lazima imeandikwa. Akafunga kitabu, akaiweka hapa kwa kifua, ndani ya leso, akaniambia nisiitoe tena hata akienda. Akasema, 'Basi hakuna shida. Wanajua mahali ya kumrudisha.' Akalala."